Kuuza nyumba ya bei ya punguzo nchini Uingereza

Nyumba ya bei ya punguzo nchini Uingereza ni nyumba inayouzwa chini ya bei ya soko kwa sharti kwamba mwenye nyumba, siku atakapoiuza, naye atatoa punguzo lilelile kwa mnunuzi mwingine anayestahili. Sharti hilo huandikwa katika mkataba na kuingizwa katika daftari la ardhi, kwa hiyo humfunga kila mmiliki anayefuata. Lengo lake ni kuhakikisha nyumba inabaki nafuu kwa wanunuzi wa baadaye, si kwa mnunuzi wa kwanza peke yake.

Sharti hilohilo linalomwezesha mtu kununua ndilo linaloweza kufanya nyumba iwe ngumu kuuza. Mwenye nyumba hawezi kupanga bei apendavyo, hawezi kumuuzia mtu yeyote, na mara nyingi hawezi kukamilisha mauzo bila cheti cha halmashauri. Ugumu huwa mkubwa zaidi pale watu wanaoruhusiwa kununua wanapokuwa hawana uwezo wa kulipa, huku wenye uwezo wa kulipa wakiwa hawaruhusiwi.

Maelezo yafuatayo yanahusu Uingereza peke yake. Welisi, Uskoti na Eire ya Kaskazini, ambazo pia ni sehemu za Ufalme wa Muungano, zina sheria na sera zao za mipango ya makazi.

## Maana na tofauti na mipango mingine

Sera ya taifa ya mipango ya Uingereza inaitambua nyumba ya aina hii kuwa nyumba inayouzwa kwa punguzo lisilopungua asilimia 20 chini ya thamani ya soko la mahali ilipo. Sifa za wanunuzi hupangwa kwa kuangalia mapato ya wenyeji na bei za nyumba za eneo hilo. Sera hiyo inataka pia uwepo utaratibu wa kulinda punguzo kwa ajili ya kaya zitakazonunua baadaye.

Nyumba ya bei ya punguzo huchanganywa mara nyingi na mipango mingine miwili.

Wa kwanza ni umiliki wa sehemu. Katika mpango huo mnunuzi hununua asilimia fulani ya nyumba na kulipa kodi ya pango kwa sehemu iliyobaki, ambayo kwa kawaida ni mali ya chama cha nyumba. Anaweza kununua sehemu zaidi kadiri anavyopata fedha, na mara nyingi kufikia umiliki wote. Mwenye nyumba ya punguzo hana mwenzi wa namna hiyo. Anamiliki nyumba nzima na halipi kodi ya pango kwa sehemu iliyopunguzwa. Lakini kwa kawaida hana pia njia ya kulipia punguzo na kujikomboa.

Wa pili ni mkopo wa serikali wa kununulia nyumba, kama ule wa Help to Buy uliotolewa Uingereza kuanzia mwaka 2013 hadi 2023. Huko serikali ilimkopesha mnunuzi sehemu ya bei. Nyumba ikiuzwa mkopo hulipwa, na mnunuzi anayefuata hufungwi na sharti lolote la mpango huo. Katika nyumba ya punguzo hakuna deni la kulipa, bali kuna sharti linalobaki katika nyumba.

## Historia

Wazo la kumuuzia mtu nyumba kwa bei ndogo na kumwekea mipaka ya kuiuza si jipya. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo. Ilihofiwa kwamba katika vijiji vyenye mandhari nzuri nyumba hizo zingeishia mikononi mwa watu wa mbali wanaotafuta nyumba za mapumziko. Kwa sababu hiyo, chini ya kifungu cha 157 cha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985, halmashauri za maeneo ya hifadhi za taifa, maeneo ya mandhari ya pekee na maeneo mengine ya vijijini yaliyotajwa ziliweza kuweka sharti kwamba nyumba isiuzwe bila ridhaa, isipokuwa kwa mtu aliyeishi au kufanya kazi katika eneo hilo kwa miaka 3. Sharti hilo lilihusu mnunuzi tu, halikupanga bei.

Masharti ya bei yalienea zaidi kupitia kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1990. Kifungu hicho kinairuhusu halmashauri kufanya makubaliano na mwenye ardhi anayeomba kibali cha ujenzi. Kampuni inayotaka kujenga nyumba nyingi huweza kutakiwa kutenga baadhi yake kuwa nafuu, za kupangisha au za kuuza kwa punguzo. Makubaliano hayo hufuata ardhi yenyewe. Kampuni ikimaliza kuuza nyumba na kuondoka, wajibu hubaki kwa wamiliki.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Nyumba na Mipango iliyoweka msingi wa mpango wa Starter Homes. Nyumba hizo zilikusudiwa kuuzwa kwa punguzo la angalau asilimia 20 kwa wanunuzi wa mara ya kwanza walio chini ya umri wa miaka 40. Mpango huo haukutekelezwa. Mnamo Novemba 2019 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliripoti kwamba hakuna hata nyumba moja ya aina hiyo iliyokuwa imejengwa.

Mwaka 2021 ulianza mpango wa First Homes. Nyumba zake za kwanza zilizinduliwa Bolsover, katika kaunti ya Derbyshire. Masharti yake ya kitaifa ni haya:

- punguzo la angalau asilimia 30, ambalo halmashauri inaweza kulipandisha hadi asilimia 40 au 50 ikithibitisha kuna haja;
- bei ya mauzo ya kwanza, baada ya punguzo, isizidi pauni 250,000, au pauni 420,000 mjini London;
- mnunuzi awe wa mara ya kwanza;
- mapato ya kaya kwa mwaka yasizidi pauni 80,000, au pauni 90,000 mjini London;
- angalau nusu ya bei ilipwe kwa mkopo wa nyumba.

Halmashauri iliruhusiwa kuongeza masharti yake, kwa mfano mnunuzi awe mwenyeji au awe na kazi katika eneo hilo, au kikomo cha mapato kiwe cha chini zaidi. Kwa miaka kadhaa sera ya taifa ilitaka asilimia 25 ya nyumba nafuu zinazotokana na makubaliano ya kifungu cha 106 ziwe za mpango huu. Takwa hilo liliondolewa katika sera iliyotolewa Desemba 2024. Nyumba zilizokwisha kuuzwa zinaendelea kufungwa na masharti yake.

## Namna punguzo linavyofanya kazi

Punguzo huhesabiwa kwa asilimia, si kwa kiasi cha fedha. Kwa hiyo thamani ya soko ikibadilika, kiasi cha punguzo nacho hubadilika. Mfano ufuatao unahusu nyumba yenye punguzo la asilimia 30:

- Nyumba ina thamani ya soko ya pauni 300,000. Mnunuzi wa kwanza analipa pauni 210,000. Punguzo ni pauni 90,000.
- Thamani ikipanda hadi pauni 360,000, bei ya juu anayoweza kuuzia ni pauni 252,000. Amepata ongezeko la pauni 42,000. Jirani mwenye nyumba kama hiyo isiyo na masharti amepata ongezeko la pauni 60,000.
- Thamani ikishuka hadi pauni 270,000, bei ya juu inakuwa pauni 189,000. Mwenye nyumba amepoteza pauni 21,000, na jirani pauni 30,000.

Mfano huu unaonyesha kwamba mwenye nyumba haporwi faida yake. Kwa kila pauni 100 alizoweka katika bei, hupata au hupoteza sawa na jirani. Ugumu huonekana anapotaka kuhamia nyumba ya kawaida. Alipokuwa ananunua, tofauti kati ya nyumba yake na nyumba kama hiyo sokoni ilikuwa pauni 90,000. Baada ya bei kupanda, tofauti imekuwa pauni 108,000. Wakati huohuo yeye si mnunuzi wa mara ya kwanza tena, hivyo kwa kawaida hastahili kununua nyumba nyingine ya mpango wa First Homes.

## Hatua za mauzo

Masharti hutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine, na hata kati ya mitaa miwili iliyojengwa chini ya makubaliano tofauti. Hata hivyo mauzo mengi hufuata mpangilio unaofanana:

1. Mwenye nyumba huiarifu halmashauri kwa maandishi kwamba anataka kuuza.
2. Mthamini huru, kwa kawaida mwanachama wa Taasisi ya Kifalme ya Wapimaji na Wathamini, hukadiria thamani ya nyumba kana kwamba haina masharti.
3. Halmashauri hukubali thamani hiyo na kuthibitisha bei ya juu baada ya punguzo.
4. Nyumba hutangazwa na dalali. Baadhi ya makubaliano huipa halmashauri muda wa kupendekeza mnunuzi wake kwanza.
5. Mnunuzi anayepatikana huwasilisha ushahidi wa mapato, makazi, kazi na hali yake ya umiliki wa nyumba.
6. Halmashauri ikiridhika hutoa idhini, na mawakili wa pande mbili huendelea na mkataba.
7. Baada ya malipo, halmashauri hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba masharti yamefuatwa.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye nguvu kubwa kisheria. Katika daftari la ardhi la Uingereza na Welisi huandikwa zuio dhidi ya hati ya nyumba. Zuio hilo linasema kwamba uhamisho wa umiliki hautasajiliwa bila cheti kutoka halmashauri au wakili aliyetajwa. Mnunuzi aliyelipa bila cheti hujikuta ana nyumba ambayo hawezi kusajiliwa kuwa mmiliki wake. Kwa sababu hiyo hakuna wakili makini anayemruhusu mteja wake alipe kabla cheti hakijahakikishwa.

## Sababu za ugumu wa kuuza

### Wanunuzi wachache

Nyumba ya kawaida inaweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha: familia inayohama, mstaafu, mwekezaji wa nyumba za kupangisha, au mtu wa mbali. Nyumba ya punguzo huwafungia mlango wengi kati ya hao. Kila sharti linaloongezwa hupunguza wanunuzi: awe wa mara ya kwanza, awe mwenyeji, mapato yasizidi kiwango fulani, ahamie humo mwenyewe. Sharti moja peke yake laweza kuwa jepesi, lakini yakiwekwa pamoja katika kijiji kidogo huenda yakabakiza watu wachache sana.

Sharti la mapato huleta mgongano wa pekee. Chukua nyumba iliyotajwa juu, yenye bei ya pauni 252,000, katika eneo ambalo halmashauri imeweka kikomo cha mapato cha pauni 45,000 kwa mwaka. Ikiwa benki inakopesha mara 4.5 ya mapato, kaya yenye mapato ya juu kabisa yanayoruhusiwa itapata mkopo wa pauni 202,500. Itabidi itoe pauni 49,500 kutoka mfukoni. Kaya yenye mapato ya pauni 51,000 ingeweza kununua kwa amana ya asilimia 10, lakini hairuhusiwi. Hivyo nyumba hubaki bila mnunuzi hata kama watu wengi wa eneo hilo wanahitaji makazi.

Katika First Homes mgongano huu unaweza kuongezeka kadiri miaka inavyopita, kwa sababu kikomo cha bei kinahusu mauzo ya kwanza tu, ilhali kikomo cha mapato kinahusu pia mauzo yanayofuata. Bei ya soko ikipanda, bei ya punguzo hupanda nayo bila kizuizi.

### Ushindani wa nyumba zisizo na masharti

Punguzo la asilimia 20 linaweza kumezwa na tofauti za kawaida za soko. Mnunuzi mwenye pauni 200,000 anaweza kuchagua kati ya nyumba ya punguzo yenye vyumba vitatu na nyumba ndogo au kuukuu isiyo na masharti katika mtaa wa jirani. Wengi huchagua ya pili kwa kuwa wataweza kuiuza au kuipangisha watakavyo. Ushindani huwa mkali zaidi pale kampuni ya ujenzi inapokuwa bado inauza nyumba mpya karibu, ikiwa na vivutio ambavyo muuzaji binafsi hana.

### Mikopo ya nyumba

Si kila benki hukopesha kwa ajili ya nyumba yenye masharti ya kuuzwa. Benki huangalia kitakachotokea mkopaji akishindwa kulipa. Ikiwa nayo italazimika kuuza kwa punguzo na kwa wanunuzi wachache walewale, dhamana yake ni dhaifu. Kwa hiyo makubaliano mengi huwa na kifungu cha kuilinda benki, kinachoiruhusu kuuza nyumba iliyotwaliwa bila masharti baada ya kutoa taarifa kwa halmashauri. Makubaliano ya zamani yasiyo na kifungu hicho, au yenye kifungu chenye maneno yasiyokubalika kwa benki, huwapa wauzaji taabu kubwa. Mnunuzi anaweza kupatikana, akakubaliwa na halmashauri, kisha akanyimwa mkopo kwa sababu ya sentensi moja katika hati iliyoandikwa miaka mingi nyuma.

Benki hutofautiana pia katika kuhesabu amana. Baadhi huhesabu mkopo kwa kulinganisha na bei ya punguzo, na nyingine kwa kulinganisha na thamani kamili ya soko. Tofauti hiyo hubadilisha kiasi ambacho mnunuzi anatakiwa kuwa nacho.

### Uthamini na dalali

Bei hutegemea makadirio ya mthamini. Yakiwa ya juu kupita kiasi, punguzo linaloonekana kwenye karatasi halipo sokoni, na nyumba hukaa bila kuuzwa. Yakiwa ya chini, mwenye nyumba hupoteza fedha. Makadirio hudumu kwa muda mfupi, mara nyingi miezi 3, hivyo mauzo yakichelewa hulazimu kulipia makadirio mapya.

Madalali nao hawalingani katika kuielewa nyumba ya aina hii. Tangazo linaloonyesha bei ndogo bila kueleza masharti huvuta wateja wengi wasiostahili, ambao hujitoa wanapoambiwa ukweli. Tangazo linaloeleza masharti mapema huvuta wachache, lakini wale wanaofaa.

### Muda

Nchini Uingereza makubaliano ya mdomo ya kununua nyumba hayamfungi mtu. Upande wowote unaweza kujitoa hadi mikataba ibadilishanwe. Pia mauzo mengi hufungamana kama mnyororo: mtu hawezi kununua mpaka auze. Wiki zinazotumika kusubiri idhini ya halmashauri huongeza uwezekano wa mmoja katika mnyororo kuchoka na kuondoka. Halmashauri nyingi hazipati maombi ya namna hii mara kwa mara, na mafaili ya makubaliano yaweza kuwa yametawanyika kati ya idara ya mipango, idara ya nyumba na ofisi ya wanasheria.

### Matengenezo na gharama

Mwenye nyumba aliyetumia pauni 30,000 kuongeza chumba, na kwa kufanya hivyo akaongeza thamani ya soko kwa kiasi hichohicho, hurudishiwa pauni 21,000 tu ikiwa punguzo ni la asilimia 30. Baadhi ya makubaliano huagiza matengenezo yaliyoidhinishwa yasihesabiwe katika punguzo. Mengine hayasemi lolote. Kwa upande mwingine, gharama za kuishi humo kwa kawaida hazipunguzwi. Mwenye nyumba katika jengo la ghorofa hulipa ada ya huduma sawa na majirani walionunua kwa bei kamili.

### Kutoruhusiwa kupangisha

Mtu aliyekosa mnunuzi wa nyumba ya kawaida anaweza kuipangisha na kuhama. Makubaliano mengi ya nyumba za punguzo yanakataza jambo hilo au yanataka ridhaa, kwa kuwa nyumba ilikusudiwa kuishi mwenyewe. First Homes inaruhusu mmiliki kupangisha kwa muda usiozidi miaka 2 baada ya kuiarifu halmashauri. Anayepata kazi mji mwingine, anayetengana na mwenza wake au anayehitaji kumuuguza mzazi aliye mbali ndiye huumizwa zaidi na katazo hili, kwa kuwa kwake kuuza si jambo la kusubiri hali ya soko iwe nzuri.

## Mnunuzi asipopatikana

Makubaliano yaliyoandikwa vizuri hueleza kitakachofanyika nyumba ikikaa sokoni bila mnunuzi. Njia ya kawaida ni kulegeza masharti kwa awamu. Kwanza wanatafutwa wenyeji wa kata au kijiji, kisha wa vijiji jirani, kisha wa wilaya nzima, na mwishowe mtu yeyote anayetimiza masharti ya kitaifa.

Katika First Homes, masharti ya ziada yaliyowekwa na halmashauri, yakiwemo ya uenyeji na kikomo cha chini cha mapato, hukoma nyumba ikiwa imetangazwa kwa miezi 3. Ikifika miezi 6 bila mnunuzi, na mwenye nyumba akiwa amechukua hatua zote zinazofaa, ikiwemo kupunguza bei pale inapobidi, anaweza kuruhusiwa kuuza katika soko huria. Hapo asilimia ya punguzo hulipwa kwa halmashauri. Muuzaji hapati zaidi ya haki yake, lakini anakuwa huru kuondoka. Halmashauri nayo hupata fedha zinazoweza kutumika kwa nyumba nyingine nafuu.

Pale makubaliano yasipotoa njia yoyote, zipo njia za kisheria. Chini ya kifungu cha 106A cha sheria ya mwaka 1990, mmiliki anaweza kuiomba halmashauri ibadilishe au iondoe wajibu huo baada ya miaka 5 tangu makubaliano yafanywe, kwa hoja kwamba haufanyi tena kazi yenye manufaa. Akikataliwa anaweza kukata rufaa. Masharti yaliyo katika hati ya nyumba yenyewe huweza kupelekwa kwenye Baraza la Juu la Ardhi chini ya kifungu cha 84 cha Sheria ya Mali ya mwaka 1925. Njia hizi huchukua muda na huhitaji wakili, na nyumba moja kushindwa kuuzika kwa miezi kadhaa si lazima itoshe kuthibitisha kwamba sharti limepoteza maana.

Uhamisho wa aina fulani kwa kawaida husamehewa masharti ya mnunuzi, kama vile kumrithisha mwenza au kugawana mali baada ya talaka. Punguzo lenyewe hubaki, na mrithi akitaka kuuza hufungwa kama marehemu alivyofungwa.

## Mjadala

Wanaotetea masharti husema kwamba bila hayo punguzo lingekuwa zawadi kwa mtu mmoja. Mnunuzi wa kwanza angeuza kwa bei kamili, na kijiji kingepoteza nyumba ambayo kibali chake cha ujenzi kilitolewa kwa sababu ya unafuu wake. Aidha husema kwamba muuzaji aliyapokea masharti kwa hiari, na alifaidi bei ndogo alipohitaji.

Wanaoyakosoa hawakatai lengo hilo. Hoja yao ni kwamba hatari imewekwa mahali pasipofaa. Kampuni ya ujenzi hutimiza wajibu wake siku ya mauzo ya kwanza, na halmashauri haina lazima ya kutafuta mnunuzi wala kununua nyumba yenyewe. Anayebaki na mzigo wa kumpata mtu anayestahili ni kaya yenye mapato ya wastani, ambayo ndiyo yenye akiba ndogo ya kuhimili ucheleweshaji. Wengine huongeza kwamba punguzo la asilimia ya bei ya soko halihakikishi unafuu, kwa kuwa soko likipanda kuliko mishahara hata nusu ya bei yaweza kuwa ghali.

Shirika la London Community Land Trust lilijibu hoja hii ya mwisho kwa kuunganisha bei na mapato ya wenyeji badala ya soko. Katika nyumba zake za St Clements, eneo la Mile End mashariki mwa London, bei ya kununua na ya kuuza tena hukokotolewa kutokana na mapato ya kati ya watu wa eneo hilo. Mmiliki hapati faida ya mfumuko wa bei za nyumba, lakini mnunuzi anayefuata huikuta nyumba ikilingana na mshahara wake.

## Mifumo inayofanana katika nchi nyingine

Nchini Uskoti, sheria ya mwaka 2003 inaruhusu shirika la nyumba za vijijini kuandikisha haki ya kununua kwanza kila mara nyumba inapouzwa. Hapo lipo shirika lililotajwa linaloweza kuwa mnunuzi, jambo ambalo hupunguza upweke wa muuzaji endapo shirika hilo lina fedha.

Nchini Marekani, shirika la Champlain Housing Trust la Burlington, Vermont, lenye mizizi katika shirika lililoanzishwa mwaka 1984, hubaki na umiliki wa ardhi na kumuuzia mtu nyumba iliyo juu yake. Anapouza hurudishiwa fedha alizoweka pamoja na asilimia 25 ya ongezeko la thamani.

Nchini Singapuri, mnunuzi wa nyumba mpya ya serikali hutakiwa kuishi humo kwa miaka 5 kabla ya kuiuza katika soko. Tangu mwaka 2021, nyumba mpya zilizo katika maeneo bora zina muda wa miaka 10, na sehemu ya bei hurudishwa serikalini zinapouzwa kwa mara ya kwanza. Wanaozinunua kutoka kwa mmiliki wa kwanza nao huwekewa kikomo cha mapato.

Nchini Kenya, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi walianzisha katika miaka ya 1990 amana ya ardhi ya jamii. Ardhi ilibaki mali ya amana, na mkazi anayeondoka aliweza kuuza jengo lake bila kuuza ardhi. Baadaye, Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 iliweka sharti kwamba aliyenunua nyumba chini ya mpango huo wa serikali asiiuze bila ridhaa ya maandishi ya bodi inayousimamia. Kama ilivyo Uingereza, uzito wa sharti la namna hiyo kwa mwenye nyumba hautegemei maneno yake peke yake, bali pia muda unaotumika kutoa ridhaa na idadi ya watu wanaoruhusiwa kununua baada yake.